Marehemu Huja Faili Likifunguliwa

Mzee Brashi, mpaka rangi wa majumba ya watu, alikuwa uani akiosha brashi kwa mafuta ya taa pale mkewe alipoingia kwa mlango wa nyuma, akavuta kigoda, akaketi, akaanza kufungua vifungo vya blauzi. Mkewe huyo alikuwa amezikwa mwaka uliopita.

"Wamefungua tena?" Mzee Brashi aliuliza.

"Wamefungua."

"Leo nani?"

"Hata simjui. Anatafuna karanga huku ananitazama."

Mzee Brashi akageuka, akatazama ukuta. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika jambo lile, kugeuka. Kila mtu alipofungua faili la marehemu kwenye kompyuta za hospitali, popote alipokaa, marehemu alilazimika kuinuka alikolazwa, aje, avue kama alivyovua siku ya vipimo. Alikuja nyumbani kwa sababu anwani iliyoandikwa kwenye faili ilikuwa ya nyumbani. Faili likifungwa, alifunga vifungo, akasema, "Haya, baba watoto," akaenda zake.

Alikuwa mwanamke wa haya. Uvimbe ule wa titi la kushoto hakumwonyesha hata dada yake wa tumbo moja. Kovu la upasuaji walilijua mumewe na madaktari, basi. Na madaktari walipofungua faili ili wajifunze, marehemu hakunung'unika. "Huyu kijana ana akili," alikuwa akisema, huku akiinua mkono kama anavyoelekezwa. Taabu ilianza walipokuja wasioshika sindano. Watu wa bima walifungua. Kampuni moja ya dawa ikafungua, ikaacha wazi mchana kutwa, marehemu akakaa kifua wazi mpaka wajukuu wakaambiwa wakacheze kwa jirani. Kisha binti wa mapokezi, anayekaa mtaa wa pili, akafungua ili ajue tu. Jua halijatua, muuza mkaa akamwambia Mzee Brashi mbele ya watu, "Pole, baba. Kumbe lilikuwa titi! Sisi tulidhani presha."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitu juu ya wanaoumbua baada ya kifo, pengine kwa kuwa zamani watu wa namna hiyo hawakuwa na mishahara.

"Naenda kwa wakubwa," Mzee Brashi alimwambia mkewe alipokuja tena. "Lakini nikishinda, hutakuja hapa kamwe."

Mkewe alifikiri kidogo, mkono kwenye kifungo.

"Nenda. Nimechoka kuvua. Na uvae soksi zinazofanana, wasikucheke."

Kamati ya Usimamizi wa Taarifa za Wagonjwa ilikaa ghorofa ya juu kabisa, maana mambo ya wanyonge huamuliwa mahali ambapo mnyonge hufika akihema. Ukutani paliandikwa: Taarifa Zako, Amana Yetu. Wajumbe walikuwa na maji ya chupa, na mwenyekiti, mama wa miwani, alimkaribisha kwa upole wa kusomea.

"Mzee wangu, kamati hii ipo kwa ajili yako. Hebu kwanza tujiridhishe."

Akaagiza faili lifunguliwe kwenye kioo kikubwa, wote waone. Mlango ukasukumwa, mke wa Mzee Brashi akaingia, akasalimu, akavuta kiti kilichokuwa na mikoba ya wajumbe, akaketi, akaanza na kifungo cha juu. Katibu akaandika kwamba marehemu amehudhuria.

"Mama," mwenyekiti akauliza, "uliridhia taarifa zako zitumike?"

"Nilipewa karatasi, nikaweka dole gumba. Titi lilikuwa linawaka moto. Hata mngeniambia nisaini niuzwe, ningesaini."

"Kwa hiyo uliridhia," alisema mjumbe mmoja mwenye tai, naye akamgeukia mume kwa tabasamu. "Unajua, mzee, mficha uchi hazai."

"Kuzaa alishazaa, na akafa," Mzee Brashi alijibu. "Sasa hivi anayezaa ni nani?"

Chupa moja ya maji ilifunguliwa, ikanywewa. Wakanong'ona. Mzee Brashi alikuwa amegeukia dirisha wakati wote, na wajumbe waliona ni utovu wa adabu, mtu kuipa kamati mgongo.

Mwishowe mwenyekiti akatoa uamuzi. Faili halitafungwa, kwa sababu lina manufaa kwa umma. Lakini jina litatolewa, na anwani itatolewa, asijulikane ni nani. Hivyo heshima ya mama italindwa. Wajumbe wakapiga makofi.

"Sasa mwenyekiti," marehemu alisema, "jina likitoka na anwani ikitoka, mimi nikiitwa nitafikia wapi?"

"Hilo, mama, liko nje ya mamlaka ya kamati."

Kesi ya nyani ukimpelekea ngedere, usitegemee kurudi na mahindi. Mzee Brashi alishuka ngazi peke yake.

Tangu hapo hakuna aliyeingia kwa mlango wa nyuma. Redio ilitangaza kwamba taarifa za wagonjwa sasa ni salama, na kwa hiyo zimefunguliwa kwa watumiaji wengi zaidi. Mzee Brashi alijiambia kuwa mkewe anapumzika, akajifunza kula bila kuuliza nani amefungua.

Kisha akapata kibarua cha kupaka rangi duka la dawa karibu na mzunguko wa magari. Akiwa juu ya ngazi, akawaona marehemu. Walikuwa wamejaa kuzunguka barabara, kwenye kituo cha basi, kwenye foleni ya mashine ya fedha, penye mtaro. Hawakuwa na anwani, basi kila mmoja alifikia alipofikia. Nyuso zao zilikuwa laini, zimefutwa, kama ukuta uliopata mkono wa kwanza wa rangi. Wengine walifunua matumbo, wengine walikohoa walipoambiwa wakohoe. Wanawake wa umri wa mkewe walikuwa wamekaa ukingoni mwa barabara, vifua wazi. Watu waliwapita, wakisema, "Samahani, tupishe."

Mzee Brashi akashuka. Akaita jina la mkewe kwa sauti. Hakugeuka hata mmoja, maana hakuna aliyekuwa na jina.

Ilikuwapo njia moja tu ya kumjua. Alipaswa kupita mbele yao, mmoja baada ya mwingine, akitazama titi la kushoto, alitafute kovu. Alisimama hapo, kofia mkononi, muda mrefu. Kisha akamwendea mama aliyekuwa karibu zaidi, akampa mgongo, akavua koti, akalitandaza kwa mikono miwili kati ya mama huyo na barabara.

Pembeni yake palikuwa na mwanamume mnene aliyemkinga kwa mwavuli kikongwe mmoja wa kiume aliyekuwa akikohoa.

"Wako huyo?" mnene akauliza.

"Sijui. Na huyo?"

"Labda. Baba alikuwa anakohoa hivi. Lakini ndugu yangu, kukohoa watu wote hukohoa."

Gari la kamati likapiga honi. Wakasogea kidogo, likapita.