Chumvi ya Lopeti

Mume wangu Lopeti alitumbukiza kichwa ndani ya bakuli la kava la mchungaji. Wanaume walikuwa wamekaa mkekani muda mrefu, wamekunja miguu, wanakunywa kava, kinywaji chetu cha mizizi, na kufanya mazoezi ya kwaya. Lopeti akasimama ghafla ili awaonyeshe watu wa besi mahali pa kushusha sauti, akayumba, akaenda chini mzima mzima. Kava yote ikamwagika. Walimtoa wakamlaza chali, na alipofumbua macho akamsikia Heneli akisema, "Jamani, si angetuambia tu kwamba ana kiu."

Nilipohadithiwa nilicheka, sikatai. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia, kwa sababu hiyo haikuwa mara ya kwanza. Alishaanguka shambani kwenye vanila, akaanguka tena alipoinuka kutoka kwenye sala. Na safari hii wazee wa kanisa walikuwapo wakiona kwa macho yao.

Kanisa letu jipya lilikuwa karibu kufunguliwa, na Lopeti ndiye aliyepangiwa kuongoza wimbo wa ufunguzi. Wimbo wenyewe aliutunga marehemu baba yake kwa ajili ya kanisa hilo, akafa kabla kuta zake hazijapanda. Wazee wakamwita Lopeti wakamwambia kwa upole kwamba akianguka tena, wimbo atauongoza Heneli. Heneli ana sauti nzuri na kifua kipana, na kasoro yake ni kwamba hayo yote anayajua. Lopeti alirudi nyumbani akakaa kizingitini. Mimi ninayemjua nilijua kwamba wimbo ule ukiongozwa na mtu mwingine, atakuwa amemzika baba yake mara ya pili.

Nikamburuta hadi zahanati. Nesi Luseane akampima amelala, akampima amesimama, akakitazama kipimo chake kama mtu aliyeokota kitu njiani.

"Presha yako iko chini, Lopeti. Ukisimama inashuka zaidi. Kisiwa hiki chote kazi yangu ni kuwapigia watu kelele waache chumvi, halafu unakuja wewe."

"Nimefanya nini tena?" Lopeti akauliza.

"Hujafanya kitu. Moyo wako nimeusikiliza, mzima. Damu haijapungua. Ila unakunywa maji kama kuku, unashinda shambani na njaa, halafu jioni unakula mlima mzima wa viazi vikuu na kusimama. Sasa chakula kidogo kidogo, mara nyingi. Maji, maji, maji. Na supu yenye chumvi asubuhi."

"Chumvi?" nikauliza mimi, na nadhani niliangalia dirishani kwanza.

"Chumvi. Ya kwake peke yake, Seini, nyinyi wengine msinitafutie kisingizio. Na kila baada ya wiki aje nimpime."

Niliangalia dirishani kwa sababu ya Shangazi Melenaite. Kwetu visiwani Tonga, shangazi, dada yake baba, ndiye mkubwa wa wote. Akimtaka nguruwe wako aliyenona, unamshikia kamba. Akisema neno, mtoto wa kaka yake hana la kujibu, na mke wa huyo mtoto, yaani mimi, yuko chini zaidi. Mahali pangu ni jikoni na kazi yangu ni kuitikia. Huyu wa kwetu, juu ya ushangazi wake, ni mwenyekiti wa kamati ya afya ya akina mama. Tangu kaka yake, yaani baba yake Lopeti, afe kwa presha ya kupanda, aliapa kwamba hatazika mtu mwingine kwa ugonjwa huo. Amepita nyumba kwa nyumba akichukua chumvi. Nyama ya chumvi ya pipa, ambayo bila hiyo majani ya magimbi ni majani tu, ameipiga marufuku kijiji kizima. Watu wanamwogopa kuliko polisi, na kusema kweli amewaokoa wengi.

Tulipofika nyumbani tulimkuta ameshakaa mkekani.

"Ni presha," akasema, hata hatujaketi. "Mtu anaanguka hovyo, ni nini kingine? Baba yako alianza hivyo hivyo. Kuanzia leo, Seini, hata maji ya bahari yasimguse mdomoni."

Nikamtazama Lopeti. Lopeti akatazama mkeka.

"Ndiyo, Shangazi," akasema.

Alipoondoka nilimgeukia. "Kwa nini hukumwambia?"

"Mwambie wewe."

"Mimi? Mimi nimeolewa tu hapa."

"Na mimi nimezaliwa tu hapa. Unataka nimwambie shangazi yangu amekosea? Nikishamaliza kusema nihamie wapi?"

Basi tukawa wezi katika nyumba yetu wenyewe. Chumvi nilikuwa naiweka ndani ya cherehani. Asubuhi mapema, kabla jirani hajaamka kunusa, nilimchemshia supu ya samaki nikaitia ile chumvi, akainywa amesimama mlangoni kama mlinzi. Shambani alikwenda na muhogo wa kuchemsha, ndizi na chupa kubwa ya maji, na niliporudishiwa chupa ina maji nilimnunia. Alipoamka hakuruka tena kutoka mkekani. Alikaa kwanza, akachezesha vidole vya miguu, akanywa maji, akapiga magoti, ndipo akainuka, na mimi nikamwambia kwamba nimeolewa na kasa.

"Kasa anaishi miaka mingi," akasema.

"Basi nenda ukatage mayai huko."

Kava aliipunguza mpaka kikombe kimoja cha heshima. Nesi alimfundisha kwamba akijisikia kichwa chepesi mazoezini apishanishe miguu na kukaza mapaja kwa nguvu, damu ipande. Alifanya hivyo mbele ya kwaya nzima, na Heneli akauliza kwa sauti kama tumsubiri akajisaidie. Watu walicheka sana. Lopeti naye alicheka, akaendelea kukaza, na hakuanguka. Rangi ilimrudia midomoni. Kipimo cha nesi kilipanda kidogo, naye akasema tuendelee hivyo hivyo. Nilianza kulala usingizi.

Jumamosi, kesho yake ndiyo kanisa lifunguliwe, Shangazi Melenaite aliingia jikoni bila kubisha. Sijui nilikuwa nafikiri nini kuiacha sufuria wazi. Akachota kijiko, akaonja. Akakirudisha kijiko mahali pake taratibu.

"Hii ni ya nani?"

Lopeti alikuwa mlangoni. Alifungua mdomo, na nikaona kabisa kwamba atasema ni ya mbwa.

"Ni yake, Shangazi," nikasema mimi. "Nesi amesema. Presha yake haipandi, inashuka. Anahitaji chumvi kidogo na maji mengi. Tumekuficha kwa sababu tunakuogopa."

Katika miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kumwambia maneno mengi namna ile. Shangazi alinitazama, akamtazama mtoto wa kaka yake, akachukua kikapu chake akatoka. Nilikuwa nimeshamwekea chakula, hakukigusa. Shangazi kuondoka nyumbani kwako bila kula ni jambo zito, na Lopeti alikosa hamu ya chakula jioni ile, nikamlisha kwa kumgombeza.

Jumapili jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Wakubwa walikaa chini ya turubai, Shangazi Melenaite safu ya mbele kabisa, amejifunga kiunoni, kama desturi yetu ya heshima, mkeka wake wa zamani, ule mwembamba wa urithi. Sisi kwaya tulipangwa mbele ya mlango wa kanisa, juani, tuimbe mlango unapofunguliwa. Lopeti alisimama mbele yetu, suti nyeusi, mkeka umemkaza kiunoni, fimbo ya kuongozea kwaya mkononi, ametugeuzia mgongo kwa sababu wakubwa ndio wa kutazamwa.

Hotuba zikaanza. Akazungumza wa kwanza, akashukuru watu wengi. Akazungumza wa pili, akawashukuru wale wale. Mgeni rasmi kutoka mjini alipoinuka nilikiona kile ninachokijua: shingo ya Lopeti imelowa, masikio yamekuwa ya kijivu. Akapishanisha miguu, akakaza. Haikusaidia. Heneli, aliyekuwa pembeni yangu, akaacha kutabasamu.

"Seini," akaninong'oneza, "huyu anakwenda. Nimdake?"

"Ukimdaka, fimbo nayo utaishika wewe."

"Fimbo siitaki namna hii," Heneli akasema, na nikampenda kidogo kwa mara ya kwanza.

Sikuweza kutoka. Mtu kama mimi haondoki kwenye mstari na kukatiza mbele ya wakubwa mgeni akihutubia. Nilibaki namwomba Mungu aifupishe hotuba, na Mungu anajua jinsi mgeni alivyokuwa akiburuza maneno.

Hapo Shangazi Melenaite akainuka. Mgeni alikuwa katikati ya sentensi. Shangazi akakatiza uwanja wote peke yake, mwavuli mkono mmoja, chupa ya chai mkono wa pili, haharakishi, na kijiji kizima kikamtazama. Alipomfikia Lopeti alimshika bega akamkalisha kwenye ngazi ya kanisa.

"Kunywa."

"Shangazi, watu wanaona."

"Waone. Kunywa yote."

Harufu ya supu ya nyama ya chumvi ilitufikia hadi safu ya nyuma. Hakuna pua pale iliyoisahau. Mama mmoja mnene nyuma yangu akaguna, "Kumbe mwenyekiti anayo," na Shangazi ana masikio.

"Ninayo," akasema, amegeukia umati. "Nimeipika mwenyewe leo alfajiri, nimetia chumvi kwa mkono huu. Jana nilikwenda kwa nesi nikakaa mpaka nikaelewa. Mtoto huyu presha yake inashuka, na mimi nilikuwa namnyima dawa. Nilikosea." Akamtafuta yule mama kwa macho. "Wewe ukianza kushuka, njoo nikupe. Mpaka sasa unapanda tu."

Kisha akamgeukia mgeni rasmi. "Endelea, baba. Hutusumbui."

Mgeni alikuwa mtu mwelewa, alisema amemaliza. Mlango ukafunguliwa. Lopeti akakaa kidogo zaidi, akachezesha miguu, akainuka polepole, na safari hii hakuna aliyecheka. Alitugeukia. Midomo yake ilikuwa na rangi. Akainua fimbo.

Shangazi hakurudi kwenye turubai. Alisogea nyuma ya Lopeti, akafungua mwavuli na kumfunika nao. Nilisikia watu wakivuta pumzi. Kwetu mdogo ndiye anayemshikia mkubwa mwavuli, na sijawahi kuona wala kusikia shangazi akimshikia mtoto wa kaka yake. Lopeti alihisi kivuli, akageuza kichwa, akaona ni nani, na mkono wake ukashuka.

"Shangazi, hapana. Nipe niushike mimi."

"Una mikono mingapi?" akasema. "Imbisha. Ni wimbo wa kaka yangu, nataka kuusikia."

Tukaimba. Lopeti aliuongoza wote, beti zote, akashusha besi pale pale alipotaka kuwaonyesha siku ile ya bakuli. Jua lilimpiga Shangazi usoni, jasho likamtiririka hadi kwenye ule mkeka wa urithi, na mwavuli haukusogea juu ya kichwa cha mume wangu. Mimi nilikuwa nalia hata sauti ya pili ikapotea upande wetu wote, Heneli akaacha besi yake akatuimbia sauti yetu.