Sahani ya Mjerumani

Tangu adhuhuri Machano hakukaa kitako. Anakwenda dirishani, anarudi ukutani, anaitazama sahani, anakwenda tena dirishani. Sahani yenyewe kubwa, ukingo wa dhahabu, na katikati amechorwa mbwa mwitu kasimama juu ya theluji, macho ya manjano, kama anayekuuliza una shida gani.

Kapewa na fundi mkuu wa Kijerumani, anayejenga naye majumba mapya ya Kikwajuni. Mjerumani ndiye aliyepiga msumari kwa mkono wake, akasema kupitia mkalimani kuwa atapita tena siku yoyote kunywa chai. Na miaka ile, rafiki wa serikali akikutundikia kitu ukutani, hukitungui.

Leo baada ya alasiri wanakuja watu wa Msabah kumposa binti yake, Wanu. Msabah kapangiwa kusomesha Pemba, anaondoka Jumatatu. Fatiha isiposomwa leo, haijulikani itasomwa lini.

"Itie kashani," mkewe Duni alimwambia. "Nyumba yenye picha ya mbwa malaika hawaingii."

"Na Mjerumani akipita akaona msumari mtupu?"

"Basi mtie Mjerumani kashani."

Machano akaigeuza, uso ukatazama ukuta. Akajiona mwerevu.

Wageni wakafika: Mzee Simai, baba yake Msabah, na Bi Tabia, dada yake huyo Simai, mtu mzima asiyejificha tena ndani na wanawake. Machano alisahau jambo ambalo kila mwanamke wa mjini analijua: sahani haiaminiwi kwa uso wake. Hupinduliwa, ukatazamwa muhuri wa mgongoni, ndipo ikajulikana ni ya maana au ya ovyo.

Bi Tabia hakumaliza hata kahawa.

"Nyumba hii wanajua vyombo," alisema. "Muhuri wameuweka mbele kabisa, wasitutaabishe." Akainuka, akaitungua, akaipindua. "Machano, huyu mbwa."

"Si mbwa, Bi Tabia. Mbwa mwitu."

"Kumbe hata kufugwa hakufugwa."

Mzee Simai hakukasirika. Alitazama mlango tu, na hilo likamtisha Machano zaidi.

"Hapa nnashindwa kusoma Fatiha," alisema Simai. "Tutakuja siku nyingine."

Siku nyingine. Watu wa mchumba wa kwanza wa Wanu walisema hivyo hivyo, na mpaka leo hawajaonekana. Machano akaipokonya sahani mikononi mwa Bi Tabia.

"Kashani haitoshi tena, hii inatoka nje. Someni."

"Mwenye mtoto ni wewe," Simai akamwambia.

"Na mwenye mbwa ni mimi pia. Siwezi kuwa pote pawili. Shaame ndugu yangu huyo hapo, ami yake Wanu. Atajibu yeye."

Akatoka, sahani ndani ya kanzu, imembana tumboni. Kuiweka barazani haiwezekani, habari zitamfikia Mjerumani kabla ya magharibi. Akaenda mpaka pembeni mwa njia, akarudi, akaenda tena.

"Machano," jirani akamwita kutoka barazani kwake, "kwako kuna posa, wewe wakimbilia wapi?"

"Nnakwenda."

"Wapi?"

"Nnakwenda tu."

Akasimama chini ya dirisha lake. Alimsikia Simai akiposa, kisha Shaame akajibu, "Tumekubali," neno ambalo yeye alikuwa akilifanyia mazoezi siku tatu. Fatiha ikasomwa. Ilipofika mwisho alitaka kuinua mikono, sahani ikateleza. Akaibana kwa viwiko na kuitikia amin hivyo hivyo, kajikunja, jirani akimtazama.