Ng'ombe wa Kudarizi

Siku ile mjinga alikuwa Bujiku, na mwenyewe hakatai. Ukimkuta leo Shinyanga mjini, amekaa juu ya bodaboda yake anangoja abiria, ukamtania habari za kitambaa, atakutukana kwanza, halafu atakwambia, "Nilikuwa mjinga, yameisha. Unapanda hupandi?"

Mambo yalianzia Nyasubi, kule Kahama, nyumbani kwa kina Ritha. Bujiku alikuwa ametoka machimboni Geita na buti za mpira, pikipiki iliyochoka na kikohozi cha vumbi la karasha, mashine ya kusagia mawe. Alimpenda Ritha, na Ritha alimpenda. Kikwazo kilikuwa mama mtu. Mama Ritha aliuza nguo sokoni, na alikuwa amewaona wachimbaji wa kila namna, wanaokuja asubuhi kununua suti na jioni kurudi kuiuza. Alimwambia binti yake bila kupunguza makali:

"Mchimbaji hana kwao. Kwao ni shimo. Siku akinionyesha kwao, nitamsikiliza."

Maneno hayo yalimfikia Bujiku yakamkaa kooni kama mwiba wa sato. Akapanda pikipiki mpaka kijijini kwao, nje ya Shinyanga, kwa dada yake Nyamizi, aliyeolewa pale pale kijijini.

Nyamizi alikuwa mdarizi. Hakufundishwa na mtu. Alichukua shuka jeupe, sindano na nyuzi za rangi, akashona kijiji kama alivyokiona yeye. Kuku wake walikuwa wakubwa kuliko mbuzi. Jua lilikuwa na kope. Nyumba hazikuwa na ukuta wa mbele, ili uone chungu kinavyochemka ndani. Mtu aliyemheshimu alimshona mrefu kufikia paa. Asiyemheshimu alitoka kama panzi. Na kila mmoja alijijua. Kuna mzee alijikuta amelala chini ya mkokoteni wakati wenzake wanapalilia, akamnunia Nyamizi tangu palizi mpaka mavuno. Kitambaa hicho kilinunuliwa mbio, na mnunuzi alikuwa mke wa mzee huyo.

"Nishonee kwetu," Bujiku alisema hata kabla hajakaa. "Kikubwa, cha ukutani. Nampelekea mama mkwe."

"Siku hizi shikamoo mnaiacha Geita?"

"Shikamoo dada. Nishonee kwetu. Na ng'ombe uweke."

Sindano ikasimama. "Ng'ombe gani?"

"Ng'ombe wa kwetu. Nyumba ya Msukuma bila ng'ombe utamwonyesha nani? Lijaze zizi."

"Zizi lile mama kaotesha mchicha."

"Ndiyo maana nakwambia ushone! Mchicha atauona nani? Ni uzi tu, dada, uzi!"

Nyamizi alimtazama kaka yake kuanzia kwenye buti mpaka kwenye kofia, polepole, kama mtu anayetafuta pa kuanzia kushona.

"Unataka wa kwetu," alisema.

"Wa kwetu."

"Haya."

Mtu anayemjua Nyamizi, akisikia amesema "haya" upesi namna ile, anachukua pikipiki yake na kukimbia. Bujiku alipiga mluzi.

Kitambaa kilipokamilika alikikunjua mara moja tu. Aliona pembe nyingi. Akaridhika, akakikunja. Nyuso za hao wenye pembe hakuzitazama.

Siku ya posa walikwenda watatu: Bujiku, Nyamizi, na mshenga wao Sostenes, mtu mpole aliyejifunza maneno yake tangu Shinyanga mpaka Kahama. Upande wa pili walikaa Mama Ritha na baba mkubwa wa Ritha, Mzee Pantaleo, aliyetoka Chato kwa basi la asubuhi na uso wa mtu aliyekosa kiti. Baba yake Ritha alikuwa amefariki, hivyo neno la kuoza lilikuwa la Pantaleo. Na Pantaleo alikuwa mfugaji. Ritha alikaa mlangoni, nusu jikoni nusu sebuleni, anajifanya anachambua mchele.

"Mwangaluka," Sostenes alianza kwa salamu ya Kisukuma. "Sisi ni wageni, tumeona katika nyumba hii..."

"Tumeleta kwetu!" Bujiku akamkata. Sostenes alimkanyaga mguu, lakini ukimkanyaga mtu aliyevaa buti za mchimbaji unaumia wewe. "Mama alisema hajui kwetu. Kwetu ni hapa."

Akakitandaza kitambaa juu ya meza, vikombe vya chai vikasogezwa pembeni kwa haraka. Mama Ritha akainama kutazama, na kwa mara ya kwanza midomo yake ikalegea.

"Huyu ni nani, mkubwa hivi?"

"Mama yangu. Huyo ndiye mama kabisa, na lile kovu la shavuni. Hilo ni jiwe la kusagia, lipo mpaka leo. Huyo mbwa wetu, anaitwa Serikali, ukimwita haji. Hakuna cha uongo hapo, mama. Kila unachokiona, ukija utakikuta."

"Na huyu mdogo kama panzi, mwenye buti?"

Bujiku alikohoa. "Huyo... ni mpita njia."

Ritha akacheka kule mlangoni. Kicheko hicho kilimpa Bujiku nguvu ya kuendelea kujichimbia. "Na hawa," alisema, akipitisha kiganja juu ya zizi, "ndio ng'ombe wetu."

Mzee Pantaleo alitoa miwani. Watu wengine wakiangalia ng'ombe wanaona ng'ombe. Yeye aliwaona mmoja mmoja, kama anavyoona watu kanisani.

"Huyu mwekundu amevunjika pembe ya kushoto," alisema. "Huyu mweusi ana miguu ya mbele myeupe. Huyu nundu yake imelala upande. Na jike hili limekatwa sikio. Fisi?"

"Fisi," alijibu Nyamizi. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu shikamoo.

"Nilijua. Mtu habuni sikio kama hili. Sasa, mshenga, tusichoshane. Tunawataka hawa niliowataja. Hawa hawa, siyo wengine. Mkiwaleta, binti ni wenu."

Sostenes, ambaye hakujua lolote, alifurahi mpaka akapiga makofi. "Tumesikia, mzee! Tumesikia!"

Bujiku alikuwa ameinamia kitambaa. Sasa ndipo alipoziona nyuso. Jasho likamtoka kama yuko chini, kwenye duara, shimo la machimbo.

"Baba mkubwa," alisema, "hao... hiyo ni picha tu."

"Na mama yako hapa ni picha tu?"

"Hapana, mama yupo."

"Jiwe la kusagia?"

"Lipo."

"Mbwa asiyeitika?"

"Yupo."

"Ila ng'ombe ndio picha." Pantaleo alivua miwani. "Kijana, mimi nimetoka Chato nimesimama. Usinifanyie mchezo."

"Labda tuseme wengine, wa kununua..."

"Wengine sijawaona. Nimewaona hawa."

Mchele ulikuwa umeachwa. Ritha alisimama katikati ya sebule. "Uliniambia wapo, Bujiku. Mwenyewe, kwa mdomo wako. Wameenda wapi?"

Mtaani bajaji ilipita inalia honi, na Bujiku akaitamani.

"Jibu, mwenzetu," alisema Mama Ritha, midomo imekaza tena. "Au tumwite mpita njia atujibu?"

"Waliingia kwenye duara," Bujiku alisema kwa sauti ndogo. Kisha, kama wafanyavyo watu waliobanwa, akaikuza. "Niliwauza! Nilinunua pampu, nikalipa wachimbaji, tukafika kwenye mwamba wenyewe wa dhahabu, maji yakatujia. Ndiyo machimbo! Leo kwako, kesho kwa mwenzio. Na walikuwa wangu! Waliletwa alipoolewa dada huyu, na ng'ombe wa dada ndio wa kumwozea kaka. Nani hapa hajui?"

"Wote tunajua," alisema Pantaleo. "Walikuwa wa kukuoza wewe, nawe ukawapeleka shimoni. Basi umeshaoa, baba. Nenda kaishi na mkeo."

Mama Ritha alicheka kicheko kikavu. Ritha hakucheka. Alikivuta kitambaa upande wake, akamtazama yule jike mwenye sikio lililokatwa.

"Baba mkubwa amesema hawa," alisema. "Na mimi nasema hawa. Usipowaleta, usije."

"Ritha!"

"Usije, Bujiku. Ningekuchukua huna kitu. Ulikuwa unaweza kuniambia huna."

Akarudi jikoni na ungo wake, na mlango, ambao muda wote ulikuwa wazi, akaufunga.

Hapo Bujiku aliutafuta uso wa kumalizia hasira, akaupata wa karibu zaidi. Akamgeukia dada yake.

"Wewe! Umefanya makusudi!"

"Ulisema wa kwetu."

"Nilisema ng'ombe! Ng'ombe wowote! Ungeshona weupe wote, ungeshona wenye mabawa, nani angekuuliza? Umekwenda kuchagua hao!"

"Punguza sauti, uko kwa watu," Sostenes alimsihi.

"Sipunguzi! Huyu ni ndugu au mchawi? Miaka yote hii kanyamaza, kumbe anakusanya nyuzi! Unajua ulichoniharibia leo, Nyamizi? Unajua?"

"Mama anakunywa chai ya rangi tangu siku ile," Nyamizi alisema. "Yule mwenye sikio alikuwa anamwita kwa jina. Asubuhi ile alikwenda na kibuyu chake, akasimama kwenye zizi tupu anaita. Mimi nilikuwapo. Wewe ulikuwa umeshafika Geita."

"Sasa mama anaingiaje hapa? Tunazungumza kitambaa! Wafumue!" Aligonga meza, vikombe vikaruka. "Fumua hao ng'ombe sasa hivi, hapa hapa, mbele ya hawa wazee, waone kwamba ni uzi mtupu!"

Mama Ritha, ambaye hakuwa mtu wa kuzuia ugomvi mzuri, alifungua kikapu chake cha nguo, akatoa mkasi, akauweka juu ya kitambaa.

Nyamizi aliutazama. Hakuushika kwa kukata. Aliusukuma kwa kidole kimoja, ukapita kwenye nyumba isiyo na ukuta, ukapita miguuni kwa mama yao aliyeshonwa mrefu kufikia paa, ukasimama mbele ya kaka yake.

"Watoe mwenyewe," alisema. "Zizini uliwatoa bila kuniuliza."