Macho ya Tadeo

Mimi Marieta nikishasema nimesema, kijiji kizima cha Dirma wanajua. Kwa hiyo mkamwana wangu Zita alipojifungua Tadeo, neno langu ndilo lililopita: mzazi hatoki nje mpaka miezi mitatu iishe. Ndani kulikuwa na giza, moto unawaka, baridi ya mlima haiingii. Wiki ya sita Zita akaniambia, "Mama, mtoto akinyonya haniangalii usoni. Twende kliniki, na chanjo imefika."

Nikamjibu chanjo haikimbii. Nikamwinamia mtoto, nikamwita, akageuka, akatabasamu. "Si huyo ananiona? Acha kujitia udaktari."

Tulitoka mtoto alipoingia mwezi wa nne, tukaenda kliniki. Nesi akamsogeza Tadeo dirishani, akamwangalia macho, uso ukambadilika. Katikati ya kila mboni palikuwa na doa jeupe kama tone la maziwa. Nikamwambia mbona nikimwinamia nikamwita ananitabasamia. Akaniambia, "Bibi, mwinamie tena, ila usiseme kitu." Nikainama. Nikasogea kushoto, nikasogea kulia. Jamani, mjukuu wangu aliangalia dari tu.

Mpaka mwanangu Herman apate nafasi ya upasuaji hospitali ya mbali, mtoto alikuwa na miezi minane. Ule weupe wa mboni, wanaouita mtoto wa jicho, waliutoa, wakampa na miwani minene. Miezi ikapita, hafuati kidole wala uso. Daktari hakutuficha. Alisema macho sasa ni safi, lakini kuona mtoto anajifunza, na anaanza wiki zile za kwanza kabisa, ubongo unapozoea mwanga na nyuso za watu. Wakati ule ukipita bure, ni vigumu sana kuurudisha.

"Mngemleta kwenye chanjo ile ya kwanza," akasema, "tungewahi."

Zita hakunigeukia. Natamani angenitukana palepale, mbele ya Herman. Hajanitukana mpaka leo, na mimi aibu inanila.

Sasa Tadeo ana mwaka na nusu. Zita akienda shamba ananiachia mtoto. "Uwe unaongea naye, mama," ananiambia, kwa heshima ileile. Basi naongea: habari za kuku, mvua, mahindi, hata upuuzi, mpaka koo linakauka. Nikinyamaza kidogo tu analia, anapapasa mkeka kunitafuta, na mimi nimekaa hapohapo mbele yake. Kwake yeye nimeshaondoka.