Mafundo ya Mzee Mutunga

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi Mishi Shee alikuwa ameshaipua sufuria na kuchuja dawa ya muarubaini kwa kipande cha leso, na benchi lilikuwa limejaa. Ni nyuma ya nyumba yake hapo Kibwezi, hatua chache kutoka barabara ya Mombasa, chini ya muarubaini ambao hata mwezi wa tisa, mji wote ukiwa rangi ya vumbi, hauangushi majani. Mpango wake unajulikana. Kikombe kimoja cha bati, kabla ya chai, siku saba. Kila mgonjwa ana utepe wake wa leso kwenye tawi la chini, na akimaliza kikombe anapiga fundo. Mafundo saba, umemaliza, unaenda zako. Na hakuna kukaa benchi bila kunywa.

"Hapa si hoteli," Mishi husema, ingawa umbea wa mji mzima hupikwa hapo.

Utepe wa Mutunga, fundi wa baiskeli, ulikuwa na mafundo manne. Alizikwa Jumamosi, kwao Kalamba. Jumatatu alikuja kumalizia.

Alikuwa na suti aliyozikwa nayo na udongo mwekundu kidogo mabegani. Aliomba radhi kwa kuchelewa. Bile, mfanyabiashara wa mbuzi anayekunywa kwa ajili ya tumbo, alimsogezea nafasi.

"Mzee umependeza, wallahi. Unaenda harusi?"

"Wamenivalisha tu," Mutunga akasema. Akanywa, akakunja uso kama siku zote, akapiga fundo la tano.

Kufikia saa nne habari ilikuwa imefika sokoni. Ubishi uliokuwepo ulikuwa mmoja: je, mzee apange foleni kama wengine au ahudumiwe kwanza kwa sababu anatoka mbali?

Binti yake, Mutindi, anashona nguo hapo sokoni na ana mimba ya miezi sita. Alisikia, akaiacha cherehani na gauni la mteja chini ya sindano, akaenda zahanati kumtafuta Musyoka, yule daktari aliyempokea baba yake akiwa amelowa jasho na hatambui mtu. Kesho yake asubuhi wakaja wote wawili.

Musyoka alisimama mbele ya benchi akaeleza pole pole. Muarubaini unaweza kushusha sukari mwilini. Tembe za ugonjwa wa sukari nazo zinashusha. Mtu akinywa vyote viwili, sukari inaweza kuanguka mpaka aanze kutetemeka, atoke jasho, azirai, na wengine hawaamki. Watoto wachanga wasipewe kabisa, wala mafuta yake. Wenye mimba wasiguse.

"Ni kweli," akasema Mutunga kutoka mwisho wa benchi. "Mimi nilichanganya na tembe. Ndiyo iliniua."

Watu wakamgeukia Mishi. Mishi si mtu mbaya. Matangani alileta kilo tano za sukari na akalia kuliko majirani wote. Alifikiria kidogo huku akisuuza kikombe.

"Mzee Mutunga, wewe ulikufa siku ya ngapi?"

"Ya nne."

"Na dozi ni siku ngapi?"

"Saba."

"Basi."

Benchi likaguna kukubali. Hata Mutunga alionekana kuuona uzito wa jambo lenyewe. Akapiga fundo la sita.

Musyoka aliandika makatazo yake kwenye kadibodi na Mishi akamshikia misumari wakaitundika shinani. Ikawapa watu kitu cha kusoma wakingoja. Na walizidi kuwa wengi. Mama mmoja alitoka Mtito Andei na mtoto wa miezi minne mgongoni, akasema dawa inayomtoa mtu kaburini haiwezi kushindwa na mafua.

"Mtoto ni kifuniko cha soda tu," Mishi akamwambia.

Siku hiyo hiyo Kasyoka, mke wa Mutunga, alikuja akakaa karibu na mumewe. Alikuwa na sukari miaka minane na alimeza tembe zile zile. Mishi akampa kikombe, kwa kuwa alikuwa amekaa. Kasyoka akanywa. Wakaongea habari za paa linalovuja na mbuzi aliyezaa.

Jumatano Mutunga alipaswa kumaliza. Lakini alipouangalia utepe wake, mafundo yalikuwa matano. Akapiga la sita. Alhamisi yalikuwa matano tena. Mzee hakulalamika, alidhani kaburini amepoteza hesabu. Mutindi ndiye aliyekosa raha. Alikuwa anashona mikono ya nguo mahali pa shingo. Jioni alijificha nyuma ya tangi la maji la Mishi, na akamwona mama yake anainama chini ya tawi na kufungua fundo kwa meno.

"Mwaitu, unafanya nini hapo?"

"Akimaliza ataenda," Kasyoka akasema, uzi ukiwa bado mdomoni.

"Na wewe je? Unakunywa dawa iliyomuua!"

"Nitakaa wapi, Mutindi? Benchi lina sharti."

Ijumaa, baada ya kikombe cha nne, Kasyoka alifika mlangoni kwake mikono ikitetemeka na jasho likimtiririka kama ametoka mtoni. Mutindi alikuwa anamngoja na chai yenye vijiko sita vya sukari. Alimnywesha kidogo kidogo mpaka mama akamwita kwa jina. Kisha akavaa viatu akaenda kwa Mishi. Mutunga alikuwa bado amekaa, akimsikiliza Bile.

"Nau," Mutindi akamwambia baba yake, "umeshamaliza."

Akaufunga utepe mwenyewe mpaka mafundo saba. Mutunga aliyahesabu kwa kidole, mara mbili. Akarudisha kikombe, akamshukuru Mishi, akampa Bile mkono.

"Mwambie mama yako awache tembe ama awache hii," akasema. "Mimi nimewaambia wote." Akavuka barabara kati ya malori mawili, akaenda.

Jumamosi alfajiri Mutindi alimkuta mama yake amenawa, amejifunga leso, anatafuta ndala.

"Mwaitu, baba ameenda. Hayuko tena huko."

"Najua."

"Sasa unaenda kufanya nini?"

"Niko na mafundo manne," Kasyoka akasema. "Baba yako aliachia hapo hapo kwa nne, na uliona. Mimi siwezi kuachia kwa nne."

Mutindi alijaza chupa ya chai, akatia sukari mpaka kijiko kikagoma kuzunguka, akamfuata. Muarubaini ulikuwa kijani. Kadibodi ilikuwa imenyooshwa vizuri, kuna mtu aliipangusa vumbi. Kasyoka alikaa, na Mutindi, miguu ikimuuma, akakaa karibu naye, mahali pa baba yake, chupa ikiwa mapajani.

Mishi alipita na kikombe kwa Kasyoka. Kisha akaja kwa Mutindi, akaliangalia tumbo, akapunguza kidogo kwa kumwaga chini.

"Mwenye mimba ni nusu," akasema, na mkono wa pili ulikuwa umeshachana utepe mpya.