Majina Mawili Shimoni

Kanisa la Pasta Gaston, katika mtaa wa Manika hapo Kolwezi, mji wa migodi, lilianza kuchunguza shuhuda kwa sababu ya aibu. Mhubiri mmoja mgeni alikuja akamwombea mtu mwenye magongo mawili. Yule mtu akayatupa magongo, akatembea, akacheza, na waumini wakalia kwa furaha. Miezi miwili baadaye mwanakwaya mmoja alikwenda Likasi msibani, akamkuta mtu yuleyule na magongo yaleyale, akiponywa tena na mhubiri yuleyule. Tangu hapo Pasta Gaston aliamua kwamba hakuna atakayesimama Jumapili kushuhudia kabla habari yake haijapimwa, na akamwomba Mama Adèle Kabemba aifanye kazi hiyo.

Alimchagua kwa sababu Mama Adèle alikuwa mtu wa kupima. Kwa miaka thelathini sasa alikuwa kwenye maabara ya kituo cha afya, akitazama kwa darubini damu za watu zilizopakwa juu ya vioo vidogo. Mgonjwa angeweza kuapa kwamba ana malaria, akatetemeka mbele yake mpaka meno yakagongana, naye angesema tu, "Tungoje kioo." Hakuwa mkali. Aliona tu kwamba kutetemeka ni jambo moja na malaria ni jambo jingine, hata kama mara nyingi huja pamoja.

Jambo ambalo Pasta hakulijua ni kwamba Mama Adèle mwenyewe hakuwahi kusikia wala kuona chochote. Alisali asubuhi na jioni tangu utotoni. Alimzika mume wake na mtoto mmoja, na hata siku hizo hakupata neno wala ndoto. Hakulalamika. Aliamini kama vile mtu anavyoishi katika nyumba aliyozaliwa, bila kuuliza kila asubuhi kama kuta bado zimesimama. Lakini walipokuja kwake wenye kusikia sauti, aliwasikiliza kwa makini zaidi kuliko walivyodhani.

Mukalay alikuja mwezi wa tano kuomba kushuhudia, mwanaume wa miaka arobaini hivi, mchimbaji wa mashimo ya Mutoshi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayeogopa kukichafua.

"Mi nilikuwa chini na Beya," alisema. "Tulikuwa wawili tu. Papy alikuwa juu, anashika kamba na kuangalia mashine ya hewa. Nikasikia jina yangu. 'Mukalay, panda.' Nikapanda. Nilikunywa maji kikombe kimoja, njo shimo ikaanguka. Beya alibakia."

"Sauti ilitoka upande gani?"

"Sijui, mama. Ilikuwa karibu."

"Ulimwambia Beya mpande pamoja?"

Mukalay alitazama mikono yake. "Nilimuambia ninaenda juu kidogo."

Mama Adèle aliandika yote. Kisha akafanya kama alivyozoea. Alikwenda Mutoshi, akaonyeshwa mahali palipofukiwa, akauliza maswali. Wachimbaji wa zamani walimwambia kwamba udongo hutoa mlio kabla ya kuanguka, mdogo sana, na aliyekaa sana chini huusikia bila kujua kwamba ameusikia. Mmoja alimwambia kwamba hewa ikipungua masikio huimba. Mwingine alimkumbusha kwamba mashimo ya pale hukutana kwa chini, na kwamba Kolwezi ina akina Mukalay wengi. Huenda mtu wa shimo la jirani alimwita Mukalay wake. Mama Adèle aliona kwamba maelezo yote matatu yanawezekana, na kwamba hakuna hata moja aliloweza kulithibitisha zaidi ya lile la Mukalay.

Alikuwa bado hajaamua, habari zilipomfikia Joyeuse, mjane wa Beya. Joyeuse alikuwa muumini wa kanisa lilelile, na alikuwa amebaki na watoto wawili. Hakwenda kwa Pasta. Alikwenda moja kwa moja maabara, akasimama mlangoni hadi wagonjwa walipokwisha.

"Mama Adèle, banasema Mukalay atashuhudia."

"Bado sijamaliza kuuliza."

"Basi uulize na ya kwangu." Sauti yake ilikuwa ya chini, bila machozi. "Asimame mbele yangu na batoto yangu, aseme Mungu alijua jina ya Mukalay na hakujua jina ya Beya. Akisema ile, mi nitatoka katika hii kanisa, na sitarudia."

Mama Adèle alimkaribisha akae, Joyeuse akakataa, akaenda zake.

Siku iliyofuata Mama Adèle alimwita Mukalay na kumweleza maneno ya mjane. Nje, malori ya madini yalikuwa yanapita, na vioo vya maabara vilitetemeka kwenye trei.

"Beya alisikia pia," Mukalay alisema.

"Alisikia nini?"

"Ile saa nilisikia jina yangu, Beya aliinua kichwa. Akauliza, 'Nani ananiita?' Nikamuambia, 'Si wewe, ni mi.' Akasema, 'Hapana, ni mi.' Njo tulicheka kidogo. Nikamuambia, 'Tupande.' Akasema, 'Ngoja kwanza, nimalize hapa.' Njo nikamuambia ninaenda juu kidogo."

"Kwa nini hukuniambia siku ya kwanza?"

"Mama, nikisema Beya alisikia, batu watasema Mungu alimuita na yeye alikataa. Batoto yake watakomaa na ile neno mugongoni. Afazali batu waseme aliniita mi peke yangu. Waniulize mi."

Mama Adèle aliyapenda maneno hayo, na kwa sababu hiyohiyo akayashuku. Maabarani alijifunza kwamba jibu linalokuja baada ya mtu kujua linalotafutwa halina uzito sawa na lililokuja kabla. Mjane alikuwa ameuliza kwa nini Beya hakuitwa, na sasa, siku moja baadaye, Beya ameitwa. Tena sauti moja haisemi majina mawili kwa wakati mmoja. Ama palikuwa na sauti ambayo kila mmoja aliisikia kama yake, ama hapakuwa na sauti. Au Mukalay ni mtu mwema aliyetunga jambo la kumfariji mjane.

Shahidi alikuwa mmoja tu, Papy, aliyeshika kamba. Juma moja baada ya mazishi Papy aliacha mambo ya mashimo, akarudi kwao upande wa Mutshatsha kuchoma makaa. Hakuwa na simu, na Mukalay aliapa kwamba hawajaonana tangu makaburini. Mama Adèle aliomba ruhusa ya siku mbili kazini, akapanda lori la makaa lililokuwa linarudi tupu, akakaa mbele na dereva, leso kichwani na nyingine puani kwa ajili ya vumbi.

Alimkuta Papy akifukia tanuru lake kwa udongo. Alikuwa mtu mpole, mwenye kusema polepole. Mama Adèle alijihadhari asitaje sauti wala jina la mtu. Aliuliza tu Mukalay alifanya nini alipotoka shimoni.

"Alitoka na kasirani," Papy alisema. "Kichwa yote udongo. Akaniuliza, 'Papy, juu ya nini unatuita?'"

"Alisema unaniita, au alisema unatuita?"

Papy alimtazama kana kwamba swali hilo ni la kitoto. "Unatuita. Mi nilimujibu, 'Sikuita hata mumoja wenu.' Mashine ya hewa inapigaka makelele, mama. Hata ningeita, hawangesikia. Akasema, 'Basi nipe maji.' Nikamupa. Kisha..." Alionyesha kwa kiganja kilichogeuzwa chini.

"Ulimwambia mtu mwingine habari hii?"

"Nani aliniuliza?"

Njiani kurudi, Mama Adèle alijua kwamba amepata alichokifuata, neno moja, "unatuita", lililosemwa kabla shimo halijaanguka, kabla hapajawa na maiti, mjane wala kanisa. Mukalay hakulitunga kwa ajili ya Joyeuse. Watu wawili walikuwa wamesikia kitu. Lakini kadiri alivyozidi kulipima, ndivyo alivyoona kwamba limemfikisha mlangoni tu. Udongo nao ungeweza kusikika na watu wawili. Masikio ya watu wawili nayo yangeweza kuimba pamoja.

"Hadanganyi," alimwambia Pasta Gaston ofisini. "Hilo nimelipata. Kuhusu nani aliita, sina kioo cha kuwekea."

"Lakini wewe mwenyewe unafikiri nini?"

"Pasta, mimi sijawahi kusikia kitu. Tangu nizaliwe. Sijui hata kinafananaje, ndiyo maana siwezi kusema ni hicho au sicho."

Aliona ajabu kwamba amelisema, na kwamba dari halikuanguka. Pasta aliivua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya tai.

"Mimi nilisikia mara moja," alisema. "Nilikuwa na miaka kumi na tisa, kwenye bwawa la Nzilo, tulikwenda kuogelea. Kwa ajili ya siku ile niliacha masomo ya ufundi nikaingia uchungaji. Nimeisimulia mara nyingi sana, Mama Adèle. Siku hizi naikumbuka zaidi jinsi ninavyoisimulia kuliko jinsi ilivyokuwa."

"Ilikuwa kweli?"

"Kwangu, ndiyo. Kwa maabara yako, sijui ningekuletea nini."

Walikubaliana kwamba Mukalay aseme alichosikia na kufanya, bila kuongeza, na kwamba Joyeuse aambiwe kwanza. Kumwambia kulimwangukia Mama Adèle.

Alimkuta nyumbani kwake akitwanga mihogo. Alimweleza kwa mpangilio, kama ambavyo angesoma majibu ya kipimo: Mukalay alisema hivi, kisha hivi, Papy alisema hivi, mimi ninajua hiki na sijui hiki. Alipofika pale Beya alipoinua kichwa na kusema "Ngoja kwanza, nimalize hapa," mchi ulisimama.

"Alisema vile?"

"Mukalay ndiye anayesema hivyo. Papy hakusikia hayo ya chini."

"Njo yeye," Joyeuse alisema. "Njo Beya kabisa. Ile neno Mukalay hawezi kuitunga." Alicheka, na kicheko kikageuka katikati, akajifuta uso kwa mkono wenye unga, ukabaki mweupe upande mmoja. "Kila siku ile. Ninamuita chakula, 'Ngoja kwanza.' Ninamuita mutoto anagonjwa, 'Ngoja kwanza.' Mi nilikuwa ninamuita mara tatu, mama. Ya ine ninaenda kumuvuta mukono."

Mama Adèle alitambua kwamba safari yake yote ya Mutshatsha haikumsadikisha mwanamke huyu. Kilichomsadikisha ni kwamba alimjua Beya. Hicho si kitu cha kuandika katika ripoti, lakini hakuona njia ya kusema kwamba si ushahidi. Yeye mwenyewe, kama angeletewa maneno ya marehemu mume wake, angeyatambua vivyo hivyo.

Joyeuse aliushika mchi tena, hakutwanga. "Kama ni Mungu, aliita mara moja tu," alisema. "Mara moja, na akaacha. Mi hata sikusoma, lakini nilijua namna ya kumuita Beya."

Jumapili ile kanisa lilijaa, kwa kuwa habari zilikuwa zimetangulia. Mukalay alisimama akiwa amevaa shati la kuazima. Aliongea dakika chache, macho chini. Alisema alisikia jina lake, na Beya akasikia lake, kwamba walicheka, kwamba alipanda na mwenzake akabaki kumalizia kazi, kama ambavyo mtu yeyote wa kazi angefanya. Alisema hajui kwa nini yeye alipanda. Watu walingoja aseme neno ambalo wangelijibu kwa haleluya. Hakulisema. Alirudi mahali pake, na kwaya, isiyojua wimbo upi unafaa, ilichelewa kuanza.

Joyeuse alikuwa safu ya tatu na watoto wake. Hakutoka. Hakuimba pia.

Ibada ilipokwisha, watu walimzunguka Mukalay uwanjani, wengine wakimshika mkono, wengine wakimtazama kwa mbali kama mtu mwenye deni asilolijua. Joyeuse alipita katikati yao, nao wakampisha. Mama Adèle alisogea, akiogopa ugomvi.

"Tata Mukalay," Joyeuse alisema. "Ile sauti ilikuwa namna gani? Ilikuwa ya kasirani?"

Mama Adèle alishtuka kidogo. Alikuwa ameuliza ilitoka upande gani, saa ngapi, mashine ilikuwa inafanya kazi au la, nani mwingine alikuwepo. Hilo hakuwa ameliuliza.

Mukalay alifikiri.

"Hapana," alisema. "Haikukuwa na kasirani. Ilikuwa sawa vile mutu anaita mwenzake bakule chakula."

Joyeuse alitikisa kichwa kukubali. Hakusema asante, wala hakumpa mkono. Alimbeba mtoto mdogo, akamshika mkubwa, akasimamisha pikipiki barabarani, wakaenda nyumbani.