Mpira wa Hewa

Orrin Skogland alikanyaga mafuta, na gari halikuitika.

Lori la ngano lilikuwa linakuja kutoka kushoto, bado mbali. Mtu angeweza kuingia barabara kuu bila haraka. Alikanyaga zaidi. Injini ilisita, ikakohoa, gari likabaki limekingama njiani huku honi ya lori ikipasua asubuhi. Kisha, ghafla, likaruka mbele.

Alisimama kando ya shamba la alizeti. Hapo hapo, wiki tatu nyuma, ndipo Thora Engebretson, mwenye gari hilo, alipogongwa akavunjika mtulinga.

Kabla ya hapo Thora alikuwa amelileta gari kwenye gereji ya Orrin mara mbili. "Nikikanyaga linafikiri kwanza," alisema. Orrin alilipima kwa kompyuta, haikuonyesha kosa. Akasikiliza injini gari likiwa limesimama, ikanguruma vizuri. Mara ya pili wazee wanaoshinda hapo gereji walikuwa wamejaa kwenye viti vyao wakinywa kahawa, naye akataka kuwachekesha.

"Gari halina neno, mwalimu. Mguu wako ndio unaofikiri."

Walicheka sana. Wengi wao Thora ndiye aliyewafundisha kusoma. Yeye alifunga vifungo vya koti, akaondoka.

Baada ya ajali alimwambia bintiye Marit kwamba hataendesha tena, uzee umemfika. Marit akalileta gari linyooshwe bampa, liuzwe. Asubuhi hiyo Orrin alilipeleka barabarani kulijaribu tu, basi.

Aliporudi alifungua boneti. Safari hii hakuisikiliza injini; aliutia mkono chini ya mpira unaopitisha hewa kutoka kwenye chujio, akaukunja. Ukafunguka mpasuko kama mdomo. Gari likiwa limetulia ule mpasuko ulijifunga. Injini ikijivuta kwa kukanyagwa mafuta, ulitanuka na kuikosesha nguvu.

Pembeni ya mpasuko palikuwa na alama ya bisibisi. Mwezi wa tatu, alipobadilisha betri, mpira ulikataa kurudi mahali pake naye akausukuma kwa nguvu. Hakuna fundi mwingine aliyewahi kuligusa gari lile.

Angeweza kufunga mpira mpya akanyamaza. Aliufikiria uwezekano huo kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa mtu ajue.

Thora alimfungulia mlango, mkono umening'inizwa shingoni kwa kitambaa. Orrin alieleza yote akiwa amesimama barazani, kofia mkononi, mpira mbovu umefungwa kwenye gazeti.

Thora aliukunja kwa mkono wake mzima. Ukafunguka, ukajifunga.

"Kwa hiyo sikuwa nimezeeka."

"Hapana, mwalimu."

"Nimekaa wiki tatu nikijiuliza ni kitu gani kingine nitakachosahau. Jiko? Jina la Marit?"

"Nisamehe."

"Hapa barazani?" Alimtazama kama zamani darasani alipokuwa anasubiri jibu. "Ulinicheka mbele za watu, Orrin. Wako pale gereji sasa hivi?"

Walikuwapo, wanne, na kahawa zao, Orrin alipoingia na Thora. Orrin alisimama katikati ya gereji yake, akaushika mpira juu wauone.

"Nilisema ni mguu wake," alisema. "Kosa lilikuwa langu. Nilipasua huu mimi mwenyewe. Halafu nikamcheka."

"Aa, Orrin, hayo ni mambo ya kawaida," mmoja alijaribu.

"Nyamaza, Palmer," Thora alisema. "Mwache amalize."

Orrin aliuweka mpira kando ya vikombe vyao. Uso ulimwaka hadi masikioni. Palmer aliangalia viatu vyake.

Orrin alimrudisha Thora nyumbani kwa gari lake yeye Orrin, taratibu, bila redio, na njia nzima Thora alitazama mashamba dirishani. Mlangoni pa nyumba Thora alianza kuhangaika na kitasa kwa mkono wa kushoto, upepo ukiusukuma mlango urudi kila alipouvuta. Orrin alikuwa ameshashusha mguu mmoja. Akabaki hivyo, nusu ndani ya gari, nusu nje, bila kujua kama ana ruhusa ya kumsaidia.